Kimo cha Kiti cha Kushoto

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata kazi. Nusu yake, kwa usahihi zaidi.

Meneja wa kampuni ya visima alipiga simu nikiwa naanua nguo. Nilimjibu kwa sauti ile ninayoitunza kwa simu za namna hiyo — shuka begani, kibanio mkononi. Nafasi ya afisa wa uwandani ni yangu, alisema, ila kila afisa huja na gari lake, na gari hilo sharti livuke mawe na makorongo bila kukwaruza tumbo. La kwetu ameliona kwenye picha. Imara, lakini limekaa chini mno. Niliinue inchi nne, kisha nilipeleke Jumatatu ya tarehe kumi na sita, fundi wao alikague. Lisipopita, wapo wengine wanaosubiri.

"Bila shaka, Meneja. Litakuwa tayari." Ndivyo nilivyosema! Wala sikujua gari huinuliwa kwa kitu gani.

Miaka miwili ya kuomba kazi na shahada yangu ya rasilimali za maji, na kinachonizuia sasa ni upana wa hewa chini ya gari.

Gari ni la Baba. Alikuwa dereva wake kwenye mradi wa barabara. Mradi ulipofungwa na magari yakapigwa mnada, alisema hawezi kumwachia mtu mwingine, akalinunua. Tangu kiharusi kimshike upande wa kushoto, dereva ni mimi, na safari ni moja tu: hospitali, Jumanne na Ijumaa, mazoezi ya viungo. Bahati nzuri, siku hizo mbili maafisa wa kampuni hushinda ofisini, na hospitali iko njiani. Nitamshusha asubuhi, nitampitia mchana. Nitafanya kazi, naye atapona. Nauandika mpango huu ili nisiusahau nikichoka.

Nilimweleza jioni hii. Akauliza litapanda kiasi gani. Inchi nne, nikasema. Akakuna kidevu.

"Fanya, mama. Gari ni la kazi, si pambo la uani."

Jumamosi, 7 Juni

Shemeji ameleta vifaa: springi nne mpya za majani, yaani vyuma bapa vilivyolalana, zimepinda kama pinde, shokapu ndefu kuliko za zamani, bushi za mpira, boliti za kukumbatia ekseli. Shemeji ni mume wa dada yangu. Anauza simu, lakini ameangalia video za magari kiasi kwamba siku hizi anatembea kama fundi. Amekuja na ovaroli jipya. Lina mkunjo wa pasi!

Kabla hatujagusa nati, Baba aliomba akae ndani kidogo.

Nimemwona akiingia mara nyingi hata nimeacha kuona. Leo nilitazama kwa sababu nilikuwa na haraka. Huligeuzia gari mgongo. Mkono wa kulia hushika mpini ulio kwenye nguzo ya mlango. Hurudi nyuma mpaka kiti kimguse, akaketi — kisha ndipo huingiza miguu: wa kulia wenyewe, wa kushoto kwa kuunyanyua kwa kitambaa cha suruali. Hakuna anayemshika. Ndilo sharti lake. Siku aliyotolewa hospitali wanaume wanne walimbeba na kiti mpaka ndani, mtaa mzima ukitazama, na akiwa angali juu ya kile kiti aliapa: "Nimebebwa mara moja. Mara ya pili mtakuwa mnakwenda kunizika."

Basi aliketi. Akashusha kioo. Akaweka kiganja juu ya dashibodi na kukiacha hapo. Shemeji akakohoa, akasema kwa adabu zote kwamba jua linatuacha, Baba mkwe.

"Haya. Fungueni."

Tulifanikiwa kufungua nati chache. Nyingine zimeoana na boliti zake. Mikono inanuka dizeli, na kalamu inateleza.

Jumapili, 8 Juni

Kutu. Kutu tu.

Tumezilowesha nati kwa dizeli tangu jana. Tukachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili tupate nguvu zaidi. Shemeji akaning'inia kwenye bomba — spana ikachomoka, naye akaenda chali hadi kwenye beseni la nguo za Mama. Jirani akachungulia juu ya ukuta. Huyu tunamwita Redio, kwa kuwa habari haijawahi kumfikia ikalala.

"Jamani, mnatengeneza au mnachinja? Mbona kelele za ng'ombe?"

Shemeji, akiwa angali ndani ya beseni, akamwambia kazi ya kitaalamu haikosi sauti. Redio akasema hata mashuzi yana sauti. Baba, kwenye kiti chake barazani, alicheka mpaka akakohoa. Ni muda mrefu sijamsikia hivyo.

Springi ya nyuma kushoto imetoka. Ilipofunguka ilidondoka kwa kishindo, ikatua sentimita chache tu kutoka kwenye mguu wangu. Nililala chini nikitazama tumbo la gari, nikajisemea: hii ni shahada, hii.

Jumatatu, 9 Juni

Peke yangu leo. Shemeji yuko dukani kwake. Springi moja imeingia. Moja. Siku nzima.

Kula nimekula nimesimama. Kulala nitalala nimekunjamana.

Jumanne, 10 Juni

Gari liko juu ya stendi, magurudumu yamelazwa ukutani, kwa hiyo leo Baba hakwenda mazoezini. Sikulipanga hilo vizuri. Nilimpigia mtaalamu wa viungo kuomba radhi, kwa maneno niliyoyaandaa. Yeye hana maneno ya kuandaa: "Dada, mguu wa kiharusi ni kama mwanafunzi mtoro. Usipouita, unasahau njia ya shule. Ijumaa asikose." Nikamwahidi. Hatakosa.

Teksi tulishajaribu zamani. Viti vyake viko chini mno. Akiketi hanyanyuki bila kuvutwa, na mtaalamu amekataza bega lile la kushoto kuvutwa, litachomoka. Gari letu lilikuwa na kimo chake hasa.

Nyuma kumekamilika. Mbele, nilipoiachia ekseli ishuke, bomba la breki likakazika kama kamba ya kuanikia nguo. Fupi! Gari limerefuka, bomba halijarefuka. Heri nimeliona. Shemeji atatafuta refu zaidi kesho.

Jumatano, 11 Juni

Bomba limepatikana. Si lile la kwanza alilolileta — lile lilikuwa la pikipiki. Alisema kwenye video yalifanana.

Mgongo. Vidole. Kucha zimekuwa nyeusi. Meneja akinipa mkono Jumatatu atadhani nimechimba kisima tayari.

Baba hakutoka barazani mchana wote. Ananitazama. Nikimtazama, anatazama mti wa jirani.

Alhamisi, 12 Juni

Limesimama. Kwa miguu yake yenyewe!

Karatasi ya maelekezo inasema boliti za bushi zisikazwe gari likiwa linaning'inia. Sharti kwanza libebe uzito wake. Nilikuwa nimeshazikaza zote. Ikabidi nizilegeze, nilitikise gari, nizikaze upya nikiwa nimelala chini. Sitamwambia mtu. Lakini baada ya hapo mlio kama wa kitanda kibovu uliokuwa ukitoka kwenye bushi ulikwisha, na gari likapita juu ya tofali zima uani bila kuligusa. Shemeji alilipitisha mara kadhaa, kisha akalipiga tofali picha.

Redio: "Hilo gari au ghorofa? Mpangaji wa chini mmempata?"

Nami nacheka, kupanda kwenye usukani sasa lazima niruke kidogo. Sketi za kazi zitabidi ziwe pana. Nimeliandika hili kwa furaha. Nataka nikumbuke kwamba nililiandika kwa furaha.

Baba alishuka ule mteremko wa saruji tuliomjengea mwisho wa baraza — ngazi zinamshinda, mteremko anaumudu. Akalizunguka gari kwa fimbo yake. Nilipokuwa nalirudisha mahali pake aliniongoza kwa mkono, kama alivyokuwa akiwaongoza madereva wa malori zamani, kiganja juu, vidole vikiita: "Leta… leta… leta… hapo!" Akasimama kwenye mlango wa kushoto. Hakuufungua.

"Kazi safi," alisema.

Kesho hospitali, Jumatatu ukaguzi. Nimechoka uchovu mzuri.

Ijumaa, 13 Juni

Sijui nianzie wapi. Nifuate matukio tu.

Baba alivaa mapema. Shati la pasi, viatu vyeusi. Mama alimwekea chai kwenye chupa. Nililisogeza gari mpaka chini ya mteremko, kama kawaida. Akashuka, polepole. Akafika. Akaligeuzia gari mgongo. Mkono ukapanda kuutafuta mpini, ukashika hewa. Mpini umehama juu. Akajinyoosha, akaupata. Akarudi nyuma ili kiti kimguse.

Kiti kilimgusa mgongoni. Juu ya mkanda.

Akabaki hivyo. Kama mtu aliyeegemea ukuta anasubiri zamu yake. Nilimwona akihesabu jambo kichwani. Akakaza mkono, akajivuta. Mguu wa kulia ukaondoka chini, wa kushoto ukaburuzika, fimbo ikaanguka. Nikaruka kumshika.

"Usinishike."

Akajaribu tena. Jasho lilikuwa limeshalowesha shati la pasi. Mama alikuja mlangoni na uzi mdomoni — alikuwa anashona — akasimama, akarudi ndani. Juu ya ukuta alikuwapo Redio. Sijawahi kumsikia kimya, na sitaki kumsikia hivyo tena.

Baba akaomba fimbo yake. Nikamwokotea. Akajipangusa uso kwa kiganja, akaligonga gari bodi mara moja, polepole, kama mtu anavyompigapiga ng'ombe aliyekataa kukamuliwa.

"Kumbe limepanda vizuri. Kazi safi, mama. Fundi wao hatapata la kusema."

Akapanda mteremko wake. Barazani akaketi na kuanza kujivua viatu, kimoja kwa mkono, kingine kwa kukikanyaga kisigino. Mazoezi atayafanya hapa hapa, alisema. Si anao ule mpira wa kuminya? Hospitali kwenyewe foleni tu.

Nilichukua futi nikapima. Inchi nne kamili, kila pembe. Sijawahi kufanya kazi iliyo sahihi kiasi hiki.

Jumamosi, 14 Juni

Kigoda kwanza. Mguu wa kulia ulipanda juu yake vizuri. Wa kushoto haukufuata. Ncha ya kiatu ilijikwaa kwenye ukingo, na kama Shemeji hangekuwa nyuma yake kama ukuta, tungekuwa tunazungumza mengine sasa.

Ndipo Shemeji akapendekeza mbao ndefu. Tuiegemeze mlangoni, Baba mkwe apande taratibu kama mteremko wa nyumbani. Tukifika hospitali tunaishusha kutoka juu ya gari, akirudi tunaitandika tena.

"Shemeji yako ameshawahi kuona mbuzi wakipakiwa kwenda mnadani?" Baba aliniuliza mimi, si yeye.

Nikasema ndiyo, kila mtu ameona.

"Basi mwambie mimi sina pembe."

Shemeji aliishusha mbao. Alikuwa ameshaipiga msasa, maskini.

Nilimpigia Meneja. Nilijieleza kwa ufasaha, nadhani. Nilitumia neno "maridhiano". Nikauliza iwapo inchi mbili zingetosha. Akasema, bila ukali wowote, kwamba mawe ya kule hayasomi barua za maridhiano. Jumatatu, binti. Kama ilivyo.

Nikaingia ndani kwa Mama. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano ya cherehani, jicho moja amelifumba. Nikamwambia nimekosea. Sikufikiri. Nilifikiria ekseli, shokapu, bomba la breki, kila kitu chini ya gari, na mtu anayekaa juu yake sikumfikiria.

"Wewe hukufikiri," Mama alisema. "Yeye alifikiri."

Sikumwelewa.

"Siku ile ile uliyomwambia inchi nne. Alitoka akaenda mlangoni pa gari, akaweka ngumi juu ya kiti, akajitazama kiuno. Akarudi. Akaniambia, mke wangu, nyamaza. Mtoto amehangaika sana." Uzi ukapita kwenye tundu. "Na wewe Jumamosi ile ulidhani anapumzika mle ndani? Alikuwa anaaga."

Cherehani ikaanza kulia. Nilikaa pale mpaka ushonaji ukafika mwisho wa upindo.

Kisha nikatoka na spana. Springi za zamani bado zimelala kando ya ukuta, zimelegea, zimeshaanza kuota kutu upya. Nikaingia chini ya gari. Nilikuwa nimeshaiweka spana kwenye nati ya kwanza nilipoiona fimbo. Imesimama karibu na uso wangu, na viatu vyake pembeni.

"Unafanya nini huko?"

"Nalishusha, Baba."

"Nani amekutuma?"

"Nimejituma. Kazi nitapata nyingine."

"Hayo uliyasema miaka miwili iliyopita." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Ukigusa nati hata moja, Jumanne siendi. Hata ulishushe mpaka lizame ardhini, siendi. Uzuri wa mguu wangu huu ni kwamba hata ukiuvuta haupeleki mtu asikotaka."

Nikasema mguu wake ni muhimu kuliko kazi yangu. Nilikuwa nalia, nadhani. Mchanga ulikuwa umeingia machoni pia.

"Mguu wangu utakulipa mshahara?" Fimbo ikagonga chini. "Nimewaendesha wapimaji barabara nzima, miaka yote ile. Wasomi watupu. Wakishuka na vyombo vyao, mimi nabaki kwenye usukani nawatazama. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mtoto wangu. Toka humo chini."

Nikatoka. Tukatazamana, mimi nimejaa grisi, yeye ameegemea gari lisilomtaka.

"Basi tutakaa hivi," nikasema. "Wewe hutaki lishuke, mimi sitaki ubaki."

"Tutakaa hivi," akasema. "Kaoge."

Jumapili, 15 Juni

Ninaandika nikiwa kwenye usukani, injini imezimwa, daftari juu ya goti. Nieleze tumefikaje hapa, maana kichwa changu kinakwenda na kurudi.

Asubuhi Shemeji alikuja kuchukua mbao yake. Nilikuwa nimelisogeza gari ubavu kwa ubavu na baraza ili nilioshe kwa ajili ya ukaguzi wa kesho. Bomba la maji halifiki mbali. Mlango wa kushoto ulikuwa wazi juu ya baraza. Shemeji akatoka ndani na kikombe cha chai, akageuka kumjibu Mama jambo, akarudi kinyumenyume — na kiti kikampokea. Puu! Akabaki ameketi ndani ya gari, chai mkononi, hajui amefikaje.

Hakuna aliyecheka. Wote tulikuwa tunalitazama baraza. Kimo chake ni ngazi moja. Ngazi moja, inchi nne na ushee.

"Toka hapo," Baba akamwambia. "Umekalia kiti cha mwenyewe."

Alikuja moja kwa moja kutoka mlangoni, hakuna kushuka, hakuna kupanda. Akageuka. Mpini ulikuwa pale mkono wake ulipozoea. Akarudi nyuma. Kiti kikamgusa mahali pake. Akaketi. Mguu wa kulia. Kitambaa cha suruali. Mguu wa kushoto. Mama akapiga kigelegele kimoja kifupi, akajiziba mdomo. Redio, juu ya ukuta: "Sasa ndiyo nimeona! Ghorofa limepata mpangaji!"

Nikasema, kwisha, Jumanne tunakwenda. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza maneno ya kumwambia mtaalamu wa viungo.

Baba hakuwa anashangilia. Alikuwa anatazama mbele, kupitia kioo.

"Kwenda nitaenda. Kurudi je? Pale hospitali pana baraza?"

Hapana. Pana lango, mlinzi, na uwanja wa sementi ulionyooka kama meza.

"Tutatafuta njia, Baba."

"Tutafute leo. Jumanne nitakuwa na watu wananitazama. Washa."

Tukatoka, sisi wawili tu. Mtaani alishusha kioo, akawasalimia watu kutoka juu kama mheshimiwa. Nilidhani tunazunguka mara moja na kurudi. Kwenye njia panda akanionyesha kulia, kisha kulia tena, mpaka tukaingia barabara ya nje ya mji, ile ambayo Baba na wenzake wa mradi waliichonga. Leo hakuna magari. Maduka ya vifaa vya ujenzi yamefungwa, benchi tupu mbele yake.

"Simama hapa."

"Hapa hapana kitu, Baba."

"Ndiyo maana nasema hapa."

Nikasimama. Kabla sijafungua mlango wangu, yeye alikuwa ameshafungua wake, ametoa miguu, ameshika mpini, anateleza. Kushuka anaweza, kushuka ni uzito wake tu. Viatu viligusa lami pamoja. Akayumba, akashikilia mlango, akasimama. Akageuka na kunitazama kupitia dirishani, na sasa kiti kilikuwa mbele yake kwa kimo kile kile cha Ijumaa.

"Sasa," alisema, "tumefika hospitali. Nimeshamaliza mazoezi. Nipandishe."

Nilimwambia nitafuata mbao. Akasema hana pembe. Nikasema nitamwita Shemeji na wenzake wawili, watamsaidia kwa adabu, hakuna atakayeona. Hilo nilipolisema niliona uso wake ukifunga kama duka. Akaenda kuketi kwenye benchi. Nami nikachukua daftari, kwa sababu mikono yangu ilikuwa haina kazi, na kwa sababu nikimtazama atajua ninachowaza.

Ninachowaza ni hiki. Kesho asubuhi fundi wa kampuni atapita chini ya gari hili na tochi, na hatapata la kusema. Na sasa hivi, kwa kazi yangu hiyo hiyo, baba yangu yuko kando ya barabara na hana njia ya kurudi nyumbani ambayo anaikubali. Yote mawili ni kweli. Nimechoka kuyashika yote mawili.

Jua limegeuka. Tumekaa kiasi cha kivuli cha duka kumfikia miguuni. Mara mbili watu wamepita kwa baiskeli wakauliza kama gari limeharibika. Baba aliwajibu kwamba halijawahi kuwa zima namna hii.

Anatazama barabara. Si mimi, si gari — barabara, kule mbele inapokata kilima kidogo. Mkono wake umeinuka kukinga jua machoni.

Amesimama. Nimeinua kichwa kwa sababu ya sauti ya fimbo.

Haji upande wa gari. Anakwenda mbele, kando ya lami, mguu wa kushoto ukichora mstari kwenye vumbi. Nimeita. Hakugeuka. Mbele yake, pale walipoichonga barabara, ardhi ya pembeni imebaki juu. Inaanza chini kabisa kama ukingo wa sahani, kisha inapanda taratibu, taratibu, ikiambaa na lami, mpaka — sijui. Magotini? Chini ya hapo? Kutoka hapa siwezi kupima. Kuna nyasi, na mawe madogo. Mtaalamu hajawahi kumpitisha kwenye mawe.

Ameshaingia kwenye nyasi. Fimbo, mguu, kusubiri. Fimbo, mguu, kusubiri. Ameyumba — amejishika. Mara hii sikuruka. Sijui kama ni heshima au uchovu.

Amesimama huko juu, kama aliye barazani. Amelipa mgongo shamba la watu na kuitazama barabara, ile iliyo tupu, mahali ambapo gari halijafika. Fimbo ameibana kwapani, mkono wa kulia ameuinua, kiganja juu, vidole vinaita.

Leta… leta…

Naweka kalamu. Sioni vizuri kama —